Mark X baada ya mavuno: Piga hesabu kabla ya kutoa fedha

KILA msimu wa mauzo ya mazao unapofika, madalali wa magari hupata kazi nyingi. Katika mikoa ya kusini hali hiyo huonekana baada ya minada ya korosho, Mbeya na Ruvuma baada ya mpunga, mahindi na kahawa, na Kahama baada ya mpunga na pamba. Mkulima aliyelipwa fedha nyingi kwa mkupuo mmoja anataka kuona matunda ya jasho lake, na kwa wengi tunda hilo ni gari.

Miongoni mwa magari yanayotafutwa sana ni Toyota Mark X. Ni gari la heshima, lina umbo la kuvutia, viti vyake vinamkaa mtu mzima vizuri na injini yake ina nguvu. Linapoegeshwa mbele ya duka au nje ya ukumbi wa harusi, hakuna anayeuliza kama mwenyewe amefanikiwa.

Hakuna ubaya wowote mkulima au mfanyabiashara mdogo kumiliki gari zuri. Ubaya unakuja pale fedha ya kununulia inapopatikana lakini fedha ya kulitunza haikupigiwa hesabu. Gari huanza kula mtaji wa pembejeo, kisha mtaji wa duka, na mwisho linaegeshwa chini ya mwembe likisubiri mteja wa bei ya hasara. Makala haya yanaeleza gari hili ni la namna gani, linagharimu kiasi gani kwa mwaka na nini cha kukagua kabla ya kulipa.

Gari lenyewe

Mark X ilianza kuuzwa Japan mwishoni mwa mwaka 2004 kuchukua nafasi ya Mark II, ambayo Watanzania wengi wanaikumbuka kwa toleo la GX100 na GX110. Toleo la kwanza la Mark X lilidumu hadi mwaka 2009, likafuatiwa na toleo la pili lililotengenezwa hadi Desemba 2019, Toyota ilipoacha kabisa kulizalisha.

Mnunuzi anapaswa kuzijua namba za chesisi, kwa sababu ndizo zinazosema ukweli kuhusu gari. GRX120 ni toleo la kwanza lenye injini ya lita 2.5 linalosukumwa na matairi ya nyuma. GRX121 ni lile la lita 3.0. GRX125 ni la lita 2.5 lakini linavuta matairi yote manne. Katika toleo la pili kuna GRX130 la lita 2.5, GRX133 la lita 3.5 na GRX135 linalovuta matairi manne. Muuzaji akikwambia gari ni la lita 2.5 na chesisi inasoma GRX121, ujue ama halijui gari lake au anakudanganya.

Injini ya lita 2.5 ya GRX120 inajulikana kama 4GR. Ina silinda sita na nguvu farasi 215. Injini hiyo hiyo ilifungwa katika baadhi ya Toyota Crown na katika Lexus IS250, jambo ambalo ni faida kwa anayetafuta spea kwa sababu vifaa vingi vya injini vinaingiliana. Faida nyingine ni kwamba inatumia mnyororo wa taimingi badala ya mkanda, hivyo hakuna gharama ya kubadili mkanda wa taimingi kila baada ya kilomita laki moja. Lakini mnyororo unadumu kwa oili safi. Anayechelewesha kumwaga oili anauchakaza mapema, na kuubadilisha ni kazi ya kufungua mbele yote ya injini.

Kwa nini gari la hadhi kama hili linauzwa rahisi Japan? Kwanza, Wajapani wenyewe wamehamia kwenye magari madogo, yale yenye umeme na mafuta kwa pamoja, na magari ya familia yenye milango ya kusukuma. Pili, kila gari binafsi huko lazima lipite ukaguzi wa serikali, mara ya kwanza likiwa na miaka mitatu na baada ya hapo kila miaka miwili, na ukaguzi huo una gharama. Tatu, kodi ya mwaka inategemea ukubwa wa injini, na gari la petroli likipita miaka 13 kodi hiyo huongezwa. Mjapani mwenye gari la silinda sita lililozeeka anaona bora aliuze mnadani. Kumbuka hilo: gari linakuwa rahisi kununua kwa sababu limeanza kuwa ghali kulitunza. Gharama aliyoikwepa yeye haikupotea, imepanda meli pamoja na gari.

Kuagiza au kununua hapa nchini?

Anayeagiza kutoka Japan anapata gari ambalo halijatembea kwenye barabara zetu na ana nafasi ya kuona karatasi ya mnada. Katika karatasi hiyo gari hupewa daraja. Daraja 4 au 4.5 ni gari zuri kwa umri wake, 3.5 lina michubuko na uchakavu wa kawaida, na herufi R au RA inamaanisha limewahi kugongwa na kukarabatiwa. Omba karatasi hiyo kabla ya kutuma fedha. Kampuni inayokataa kuionyesha ina sababu zake.

Mzigo mkubwa ni kodi. Kwa viwango vya Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) vya mwaka wa fedha 2023/24, gari la abiria lilitozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25. Ushuru wa bidhaa ulikuwa asilimia 5 kwa injini ya zaidi ya cc 1,000 hadi cc 2,000, na asilimia 10 kwa injini iliyozidi hapo. Juu yake kulikuwa na ushuru wa uchakavu: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi 10, na asilimia 30 kwa lililozidi miaka 10. Kisha ikaja VAT ya asilimia 18, pamoja na tozo ya maendeleo ya reli na ada ya forodha.

Tuchukue mfano. Gari la lita 2.5 lenye umri wa zaidi ya miaka 10 limekadiriwa thamani ya Sh8 milioni likifika bandarini. Ushuru wa forodha ni Sh2 milioni, jumla inakuwa Sh10 milioni. Ushuru wa bidhaa ni Sh1 milioni na wa uchakavu Sh3 milioni, jumla Sh14 milioni. VAT ya asilimia 18 ni Sh2.52 milioni. Kabla ya tozo ndogo, wakala na gharama za bandari, umelipa kodi ya Sh8.52 milioni kwa gari la Sh8 milioni. Kodi imezidi gari.

Jambo la pili ni kwamba TRA ina kanzidata yake ya thamani za magari yaliyotumika. Bei uliyoipata kwa kubembelezana na muuzaji si lazima iwe ndiyo itakayotumika kukokotoa kodi. Pitia kikokotoo cha TRA mwenyewe kabla ya kuagiza, kwa sababu viwango hubadilika karibu kila bajeti ya Juni.

Anayenunua gari lililokwishasajiliwa nchini anakwepa safari hiyo ya kodi, analiona gari kwa macho na anaweza kuliendesha. Lakini analirithi na maradhi yake. Ndiyo maana ukaguzi ni muhimu kuliko bei.

Daftari la mwaka mzima

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Tufungue daftari. Takwimu zifuatazo ni za mfano. Weka bei za mahali ulipo.

Tuseme umenunua GRX120 kwa Sh13 milioni, na unatembea kilomita 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka, mchanganyiko wa mjini na safari. Tukadirie lita moja inakupeleka kilomita tisa, na petroli ni Sh3,000 kwa lita. Bei halisi ni ile kikomo ambayo EWURA huitangaza Jumatano ya kwanza ya kila mwezi. Utahitaji lita 2,000, sawa na Sh6 milioni.

Kumwaga oili na kubadili chujio kila kilomita 5,000 ni mara nne kwa mwaka. Injini hii inakunywa oili lita sita na ushee, siyo lita nne za gari dogo. Tuweke Sh200,000 kila mara, jumla Sh800,000. Matairi manne ya Sh1.2 milioni yatakayodumu miaka miwili ni Sh600,000 kwa mwaka. Bima kubwa ya asilimia 3.5 ya thamani ya gari ni Sh455,000, na ukiongeza VAT inakuwa Sh536,900. Breki, bushi, boljoint na matengenezo madogo tuyawekee Sh700,000.

Jumla ya fedha taslimu inayotoka mfukoni ni Sh8,636,900 kwa mwaka, sawa na Sh720,000 hivi kwa mwezi.

Kuna gharama mbili zisizodai risiti, na kwa sababu hiyo husahauliwa. Ya kwanza ni kushuka kwa thamani. Gari la Sh13 milioni likiuzwa baada ya miaka minne kwa Sh9 milioni, umepoteza Sh1 milioni kila mwaka. Ya pili ni kile ambacho fedha hiyo ingezalisha kama ingewekwa mahali pengine. Kwa faida ya asilimia 10 tu kwa mwaka, Sh13 milioni zingezaa Sh1.3 milioni. Ukijumlisha zote, gari linakugharimu Sh10,936,900 kwa mwaka, zaidi ya Sh600 kwa kila kilomita moja.

Sasa tulipime kwa zao. Katika minada ya mwanzo ya msimu wa 2024/25 bei ya korosho ilivuka Sh4,000 kwa kilo, na shangwe ilikuwa kubwa. Lakini mkulima makini hapangi maisha kwa bei ya mnada mzuri. Tuseme baada ya makato na gharama za shamba unabaki na Sh3,000 kwa kilo. Kulitembeza gari hili mwaka mmoja kunahitaji karibu kilo 2,880. Kama mkorosho mmoja unakupa kilo 10, mikorosho 288 ya shamba lako inafanya kazi ya kulilisha gari tu. Bado ada za shule, salfa ya msimu ujao na chakula cha nyumbani.

Linganisha na gari la cc 1,500 linalokwenda kilomita 15 kwa lita. Kwa umbali ule ule litatumia lita 1,200, sawa na Sh3.6 milioni. Tofauti ya mafuta peke yake ni Sh2.4 milioni kila mwaka. Kwa anayelima mahindi na kuuza gunia la kilo 100 kwa Sh60,000, hayo ni magunia 40.

Kwa nani linafaa?

Hesabu hizo hazisemi kwamba gari hili halifai. Zinasema linafaa kwa nani. Mwenye matumizi madogo, kwa mfano kilomita 600 kwa mwezi za kanisani au msikitini, mjini kununua bidhaa na safari za familia, anatumia lita 800 kwa mwaka, yaani Sh2.4 milioni. Akiweka Sh400,000 za oili, Sh300,000 za matairi, bima ile ile ya Sh536,900 na matengenezo Sh500,000, anatoa Sh4,136,900 kwa mwaka. Kila kilomita inamgharimu zaidi kuliko anayetembea sana, Sh575 badala ya Sh480, kwa sababu bima hailali hata gari likilala. Lakini jumla yake inabebeka kwa mwenye duka la jumla au mkulima mwenye mazao mawili kwa mwaka.

Halifai kwa anayetaka gari moja lifanye kila kitu. Tumbo lake liko chini, na kwenye barabara za vijijini zenye makorongo, sampo ya oili na bomba la moshi ndivyo vinavyopokea mawe kwanza. Wakati wa masika, gari la kusukumwa na matairi ya nyuma hucheza kwenye tope na kukwama mahali ambapo pikipiki inapita. Buti yake ni kubwa kwa mabegi, lakini mfuko wa mbolea, kreti za nyanya na madumu ya dawa si mizigo yake. Kila mara utakodi gari jingine kubeba mazao, na gharama hiyo nayo iingie kwenye daftari.

Wapo wanaosema watalifanyia biashara ya kubeba abiria kati ya mji na mji. Kubeba abiria kwa malipo kunahitaji leseni ya LATRA na bima ya biashara. Gari lenye bima ya matumizi binafsi likipata ajali likiwa na abiria waliolipa nauli, kampuni ya bima inaweza kukataa fidia. Hapo unapoteza gari na unabaki na kesi. Kukodisha kwa harusi nako ni biashara, lakini ina miezi yake, na gari la harusi lazima liwe halina mkwaruzo.

Yale yanayoliumiza gari hili

Injini ya 4GR hunyunyizia petroli moja kwa moja ndani ya silinda. Faida yake ni nguvu na matumizi bora ya mafuta. Hasara yake ni kwamba valvu za kuingizia hewa haziogeshwi na petroli kama kwenye injini za zamani, hivyo masizi huganda juu yake polepole. Dalili ni injini kutetemeka gari likiwa limesimama na kuvuta kwa kusuasua. Dawa yake ni kufungua manifodi na kuzisafisha valvu, kazi inayohitaji fundi anayeijua injini hii. Siyo ya kumwaga dawa ya chupa ndani ya tangi na kuomba Mungu.

La pili ni mafuta machafu. Pampu ya petroli ya shinikizo kubwa na nozeli zake hazivumilii maji wala uchafu. Watanzania tunakumbuka enzi za uchakachuaji wa petroli kwa mafuta ya taa, hadi serikali ikapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011 ili kuondoa kishawishi. Petroli ya kwenye chupa na vidumu pembeni ya barabara inaweza kuvumiliwa na bodaboda. Kwa injini hii ni kamari. Jaza kwenye kituo kinachouza sana, na usisubiri taa ya mafuta iwake, hasa kama unaishi mbali na kituo.

La tatu ni pampu ya maji. Injini za familia hii hujulikana kwa pampu kuanza kuvuja kidogo kidogo kabla ya kufa. Angalia alama za ukoko wa rangi ya waridi karibu na pampu, na maji yanayopungua bila kuona yanakomwagikia. Tumia kuleanti, siyo maji ya bomba. Injini ikichemka mara moja tu, unaweza kujikuta unanunua injini nyingine ya mtumba.

La nne ni giaboksi. Tumia mafuta ya giaboksi yaliyoelekezwa na mtengenezaji, yaitwayo WS. Fundi akikwambia mafuta yoyote ya gia za otomatiki yanafaa, tafuta fundi mwingine. Aidha, bushi za mikono ya mbele, boljoint na shokapu huchoka haraka kwenye matuta na mashimo. Zikichelewa kubadilishwa, tairi huliwa upande mmoja na Sh300,000 ya tairi inakwisha kwa miezi michache.

Namna ya kulikagua

Nenda asubuhi na mwambie muuzaji asiliwashe. Shika boneti kwa mkono: kama ina joto, amekwisha kuliwasha kuficha kitu. Injini ikiwa baridi ndipo huonyesha tabia yake, kama mlio wa mnyororo, kutetemeka au moshi. Moshi wa bluu ni oili inaungua. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata joto ni dalili ya maji kuingia ndani ya silinda.

Washa swichi bila kuwasha injini. Taa ya injini, ya ABS na ya mifuko ya hewa lazima ziwake zote, kisha zizimike injini ikianza kuunguruma. Taa ambayo haikuwaka kabisa mwanzoni huenda imezibwa au kung'olewa ili usione ugonjwa. Baada ya hapo, lipa fundi mwenye mashine alisome gari. Fedha hiyo ndogo inaweza kukuokolea mamilioni.

Fungua mfuniko wa oili. Ukikuta tope jeusi lililoganda kama uji, huyo mwenye gari hakuwa akimwaga oili kwa wakati. Weka gia kutoka P kwenda D na R ukiwa umekanyaga breki. Kishindo kikubwa ni dalili ya giaboksi, msumari wa propela au saapoti za injini zilizochoka. Liendeshe angalau nusu saa, kwenye lami na kwenye vumbi, ukiwa umezima redio.

Usiamini kilomita za kwenye dashibodi peke yake. Linganisha na stelingi, pedeli na kiti cha dereva. Gari linalosoma kilomita 70,000 lenye pedeli zilizolika na kiti kilichochanika lina hadithi nyingine. Soma pia tarakimu nne za tarehe kwenye matairi: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani hupasuka hata kama kashata zake bado zimesimama.

Upande wa karatasi, linganisha namba ya chesisi iliyo kwenye bodi na iliyo kwenye kadi halisi. Nakala ya kadi haitoshi, kwa kuwa kadi yenyewe inaweza kuwa imekaa benki kama dhamana ya mkopo. Jina la muuzaji liwe ndilo lililo kwenye kadi. Angalia kwa namba ya gari kama kuna faini za barabarani ambazo hazijalipwa, maana gari lenye kasi kama hili hupigwa tochi mara kwa mara kwenye maeneo ya kilomita 50 kwa saa, na kila kosa ni Sh30,000. Andikeni mkataba mbele ya mwanasheria, lipa kupitia benki, na ubadilishe umiliki TRA mara moja. Gari linaloendelea kuitwa la mtu mwingine si lako.

Fedha ya kununulia itoke wapi?

Usimalize fedha yote kwenye bei. Gari lililotumika linahitaji matengenezo ya mwanzo: oili zote, plagi sita, mikanda, kuleanti, breki na pengine matairi. Tenga robo ya bei kwa kazi hiyo. Hii ina maana kwamba mwenye Sh13 milioni mfukoni ni mnunuzi wa gari la Sh10.4 milioni, kwa sababu Sh2.6 milioni zinazobaki ndizo zitakazoliweka barabarani. Anayenunua la Sh13 milioni kwa Sh13 milioni ataanza kukopa mwezi wa pili.

Kuhusu mkopo, pima kwa makini. Sh8 milioni kwa riba ya asilimia 2 kwa mwezi, inayokokotolewa kwenye salio, kwa miezi 24 inadai marejesho ya karibu Sh423,000 kila mwezi, jumla zaidi ya Sh10.1 milioni. Mfanyakazi wa mshahara anaweza kuyabeba. Mkulima hupata fedha mara moja au mbili kwa mwaka, lakini benki au Saccos inadai kila mwezi, na petroli inadai kila wiki. Zaidi ya hapo, uwezo wako wa kukopa ni mmoja. Ukiutumia kwenye gari, mwezi wa kununua mbolea utakuta mlango umefungwa.

Kipimo rahisi ni hiki. Gawa fedha ya mavuno kwanza: pembejeo na vibarua wa msimu ujao, ada za shule, chakula, na akiba ya ugonjwa au mvua kukosekana. Kinachobaki ndicho cha gari. Kikitosha kununua, kufanya matengenezo ya mwanzo na kulilisha gari mwaka mzima hata bei ya zao ikishuka kwa theluthi moja, nunua na ulifurahie, umelitolea jasho. Kisipotosha, kuna magari ya cc 1,500 yanayofika kule kule, na msimu mwingine unakuja.

Ukishalinunua, weka daftari dogo ndani ya gari. Andika kilomita kila unapojaza mafuta, tarehe ya kila oili na bei ya kila spea. Baada ya miezi mitatu utajua gari lako linakula kiasi gani, siyo kwa kubahatisha wala kwa maneno ya vijiweni. Matumizi yakipanda ghafla bila safari kuongezeka, mpeleke fundi alitazame kabla halijakusimamisha porini. Na siku utakapotaka kuliuza, daftari hilo litakuongezea bei, kwa sababu mnunuzi makini anatafuta gari lenye historia, na wengi wa wauzaji hawana cha kumwonyesha.